Ukitaka kuujua mti wa Buna, muulize sisimizi wake

Gari letu lilipata pancha kilomita chache kabla ya kuingia Buna, yapata saa nane za mchana. Abiria waliozoea njia ile ya kutoka Wajir kwenda Moyale walishuka pasipo kunung'unika, wakatandika mikeka uvunguni mwa lori na kuanza kupiga gumzo. Mimi, mgeni kutoka Nairobi, niliona haya kulala chini ya lori ilhali kulikuwa na mti hatua chache tu kutoka barabarani. Nikaenda kuuegemea.

Haikupita hata dakika moja. Kwanza niliona kama mtu amenichoma sindano shingoni, halafu sikioni, halafu ndani ya shati, na punde nikawa nacheza ngoma ambayo sikuwahi kufundishwa. Abiria walicheka hadi machozi yakawatoka. Mvulana mmoja mchunga mbuzi aliyekuwa akitutazama kwa mbali alikuja mbio na kitawi cha majani, akanipangusa mgongo, kisha akaniambia kwa Kiswahili cha darasani: "Pole, adeer. Mti huo una wenyewe."

Adeer kwa Kisomali ni ami, na ndivyo mtoto mwenye adabu anavyomwita mwanamume aliyemzidi umri. Ama hao wenyewe wa mti, ndio ninaotaka kuwasimulia leo, kwani kuanzia siku ile sijaweza kuutazama mwiba kwa jicho la zamani.

MTI NDIO GHALA

Kwa wasiopajua, Buna ni mji mdogo wa Wajir Kaskazini, katika eneo lililoitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ule uliokuwa ukitawaliwa kutoka Garissa kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Utasikia Kisomali na utasikia Kiborana, na wengi husema lugha zote mbili. Kwa Kiborana buna ni kahawa, kwa hiyo usishangae msafiri aliyechoka akisoma kibao cha mji na kuanza kutafuta kikombe.

Nchi ile ni ya miiba. Mvua ni haba, na nyasi zikishakauka mti ndio ghala. Ngamia hula majani ya migunga, mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia matawi ya chini, na watu hupata humo kivuli, kuni na ua wa boma. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Desemba 2021 picha ya twiga sita waliokufa kwa kiu katika hifadhi ya Sabuli, huko huko Wajir, ilizunguka dunia nzima. Walikuwa wamefika kwenye bwawa lililokuwa linakauka karibu na kijiji cha Eyrib, wakanasa katika matope. Palipo na hali kama hiyo, swali la nani anaulinda mti si swali la wataalamu peke yao.

Mti nilioutegemea siku ile Wasomali huuita galool. Ni aina ya mgunga wenye miiba mirefu iliyonyooka, na hapa na pale mwiba mmoja hunenepa katikati kama mtu aliyemeza yai. Huo ndio mti ambao makaa yake yalisafirishwa kwa wingi kutoka Somalia kwenda nchi za Ghuba, hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku biashara hiyo Februari 2012.

Mvulana alitoa kisu, akakata mwiba mmoja ulionenepa na kuupasua. Ndani ulikuwa mtupu, na ule utupu ulikuwa umejaa watu, kama niruhusiwe kusema hivyo. Sisimizi wadogo wa rangi ya kahawia walitoka mbio wakibeba vitu vyeupe kama punje za mchele. Wengi wetu huviita mayai. Kwa kweli mayai ya sisimizi ni madogo mno, na zile punje tunazoziona ni mabuu na pupa, yaani watoto ambao bado hawajawa sisimizi kamili.

"Wanaitwaje?" nikamwuliza.

"Quraanjo," akanijibu, akinishangaa kidogo. Quraanjo ni sisimizi tu, basi. Ni sawa na mtu kukuuliza jirani yako anaitwa nani nawe ukamjibu "binadamu".

MAKALIO JUU

Mfukoni nilikuwa na kioo cha kukuzia, kile ambacho mke wangu hukitumia kusomea maandishi madogo ya chupa za dawa. Tulimweka sisimizi mmoja juu ya gamba la mti, tukainamisha vichwa. Mara sisimizi akafanya jambo ambalo hata bila kioo ungeliona: akainua tumbo lake la nyuma, akalipitisha juu ya mgongo mpaka ncha yake ikaelekea kichwani, kama nge anavyobeba mkia.

Kitendo hicho peke yake kinatosha kumtambulisha jamaa yake. Sisimizi wengi hupindisha tumbo kwenda chini, kupitia katikati ya miguu. Wa jenasi iitwayo Crematogaster hulipindisha kwenda juu, kwa sababu kiuno chao kimeunganishwa na upande wa juu wa tumbo, si upande wa mbele. Tumbo lenyewe likitazamwa kutoka juu lina umbo la moyo, kama ule unaochorwa kwenye kadi za harusi. Kiuno kina vifundo viwili vidogo. Tena mwiba wao wa nyuma haukuchongoka kama sindano. Umepanuka kama kijiko, nao hupaka sumu badala ya kuidunga. Maumivu niliyoyapata mimi yalitokana na meno, na sumu ikapakwa juu ya jeraha.

Hebu msomaji uwalinganishe na maji moto wa Pwani, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa viota. Hao nao ni wakazi wa mtini na wakali vile vile, lakini kiuno chao kina kifundo kimoja, miguu ni mirefu, na nyumba yao hufumwa kwa uzi wa hariri unaotolewa na mabuu. Wakulima wa minazi wa Zanzibar wana deni kwao, kwani huwafukuza kunguni wanaonyonya nazi changa zikaanguka kabla ya wakati. Kwa hiyo mtu aliyekulia Mombasa au Unguja na kudhani kwamba sisimizi wa mtini ni maji moto tu, akifika Buna itambidi ajifunze upya.

Jenasi hiyo ya Crematogaster ina mamia ya spishi duniani. Kujua kwamba sisimizi wako ni mmoja wao ni sawa na kujua kwamba mgeni aliyebisha hodi ni wa ukoo fulani. Bado hujajua ni mtoto wa nani.

MAJINA YALIYOTOKA MBALI

Majina ya sisimizi wa migunga yetu yana historia ya ajabu kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 wasafiri wa Ulaya walizipita nchi za Wasomali na Waborana wakiwinda, wakichora ramani na kukusanya kila kilichotambaa. Mmoja wao alikuwa Eugenio Ruspoli, mwana wa ukoo wa kifalme kutoka Italia, ambaye Desemba 1893 aliuawa na tembo kusini mwa Ethiopia. Jina lake limebaki kwa sisimizi: mwaka 1892 Mswisi Auguste Forel alimwita mmoja wao Crematogaster ruspolii. Forel huyo alikuwa daktari wa wagonjwa wa akili aliyependa sisimizi kuliko kazi yake, na Waswisi walimheshimu kiasi cha kuiweka sura yake kwenye noti yao ya faranga 1,000.

Mwaka 1897 Mwitaliano Carlo Emery akatoa jina la Crematogaster nigriceps, maana yake "mwenye kichwa cheusi". Mwaka 1907 Gustav Mayr wa Austria akaandika habari za wadudu waliokusanywa na Msweden Yngve Sjöstedt kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na mmoja akapewa jina la Sjöstedt. Mwaka huo huo Mayr akampa mwingine jina la Penzig, mtaalamu wa mimea. Mwaka 1914 Felix Santschi, daktari aliyeishi Tunisia, akamtaja Crematogaster mimosae. Watu hawa wote waliwatambua sisimizi wetu wakiwa wafu, ndani ya chupa, maelfu ya kilomita kutoka kwenye mti. Waliweza kuhesabu vipingili vya papasi na kupima upana wa kichwa. Wasichoweza kukijua ni sisimizi yule anafanya nini nyumbani kwake, na hilo ndilo lililochukua karibu miaka mingine 80.

WAPANGAJI WANNE WA LAIKIPIA

Ili kulieleza hilo yanipasa nikuhamishe kwa muda kutoka Buna hadi nyanda za Laikipia, kusini-magharibi. Huko unamea mgunga ulio ndugu wa galool, mfupi zaidi, wenye mafundo meusi ya mviringo chini ya miiba yake. Mti huo huota pia kaskazini, kwenye udongo mweusi wa upande wa Moyale na nchi ya Waborana, nao Waborana huuita fulensa. Sisimizi hutoboa matundu katika mafundo hayo ili waingie, na upepo ukipita kwenye matundu mti hupiga miluzi. Wataalamu wa mimea waliuita Acacia drepanolobium kwa miaka mingi. Siku hizi huandika Vachellia, baada ya mkutano wa Vienna mwaka 2005 kuamua kwamba jina la Acacia libaki na miti ya Australia. Sisi tulio na mgunga hatukuombwa kubadili kitu.

Katika kituo cha utafiti cha Mpala watu kama Truman Young, Maureen Stanton na Todd Palmer wameuchunguza mti huo tangu miaka ya 1990. Waligundua kwamba karibu kila mti uliozidi urefu wa mita moja una sisimizi, na kwa kawaida mti mmoja huwa na kundi moja tu. Lakini makundi hayo si ya aina moja. Kuna wapangaji wanne wanaogombea nyumba ile ile, na kwa bahati njema unaweza kuwatambua kwa macho.

Mwenye kichwa chekundu, kifua chekundu na tumbo jeusi ni Crematogaster mimosae. Huyu ndiye aliye wengi, karibu nusu ya miti yote kule. Hukaa ndani ya mafundo, hunywa mbochi ambayo mti huitoa kwenye vidonda vidogo vya tamu chini ya majani, na hufuga wadudu-gamba wanaonyonya utomvu. Ukiutikisa mti wake hata kidogo, jeshi zima linakushukia.

Mwenye kichwa cheusi, kifua chekundu na tumbo jeusi ni yule nigriceps wa Emery. Naye ni mkali, lakini ana tabia ya kushangaza: hutafuna machipukizi ya kando, akiupogoa mti kama mkulima wa chai, mpaka unakosa kutoa maua. Stanton na wenzake walieleza mwaka 1999 kwamba kwa kufanya hivyo huzuia matawi ya mti wake yasigusane na matawi ya jirani, ambako maadui wangevukia. Mti unalindwa, naam, lakini hauzai.

Mweusi mtupu mwenye tumbo la moyo ni sjostedti. Huyu ndiye mbabe wa vita. Akigombana na wengine kwa kawaida hushinda. Hata hivyo ni mlinzi mvivu. Hapendi mafundo ya miiba, bali hukaa kwenye mashimo yaliyochimbwa ndani ya shina na mabuu ya mbawakavu. Kwa hiyo mbawakavu wanaouumiza mti humfaa yeye.

Wa nne ni mweusi pia, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtazame umbo. Huyu ni mwembamba kama uzi, ana macho makubwa, na hainui makalio. Si wa jenasi ya Crematogaster kabisa. Ni Tetraponera penzigi. Ndiye mnyonge kuliko wote vitani, kwa hiyo hutumia akili. Hutoboa vitundu vidogo mno ambavyo maadui zake hawapenyi, tena huharibu vile vidonda vya mbochi ili mti wake usimvutie mwingine. Mtu aliye maskini huficha sufuria wageni wasije.

Unaona, basi, kwamba rangi ya kichwa cha mdudu wa milimita chache inaweza kukuambia kama mti ule utatoa mbegu, kama shina lake limeoza ndani, na kama tembo ataupita au ataung'oa. Dino Martins, Mkenya aliyewachunguza sisimizi hao, alionyesha mwaka 2010 kwamba hawatoi ulinzi sawa dhidi ya wanyama wakubwa. Mwaka huo huo Jacob Goheen na Palmer walieleza jinsi walivyowapa tembo wachanga matawi. Yasiyo na sisimizi waliyala. Yenye sisimizi waliyaepuka, hata yalipokuwa matawi ya kikwata ambayo tembo huyapenda na ambayo kwa kawaida hayana ulinzi huo. Mkonga wa tembo ni laini ndani, na sisimizi wanalijua tundu la kuingilia.

Mtu anaweza kudhani kwamba mti ungependa kuwa na mimosae maisha yake yote na kuwafukuza hao wengine. Mahesabu yaliyochapishwa na Palmer na wenzake mwaka 2010 yalisema vingine. Mti huishi miaka mingi na hubadilisha wapangaji mara kadhaa, na kwa jumla unafaidika kuwapitia wote, hata yule anayeupogoa, kwa kuwa humlinda kijana wakati ambapo kufa ni rahisi zaidi.

Jaribio lililonigusa zaidi ni la uzio. Kuanzia mwaka 1995 sehemu fulani za Mpala zilizungushiwa nyaya ili twiga na tembo wasiingie. Ungetazamia miti ya ndani inawiri. Baada ya miaka kumi hivi ilikuwa kinyume. Mti usiosumbuliwa ulipunguza mbochi na kuacha kujenga mafundo mengi, kama tajiri anayepunguza askari kwa sababu wezi wamepotea. Mimosae wakadhoofika, sjostedti wakachukua nafasi, mbawakavu wakaongezeka, na miti ikakua polepole zaidi na kufa zaidi kuliko ile iliyoliwa na twiga. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Nilipoyasoma niliwakumbuka wale twiga sita wa Sabuli. Mimi nilikuwa nimewasikitikia wao tu, sikuwa nimefikiria mti.

MGENI MWENYE KICHWA KIKUBWA

Sasa amekuja wa tano, naye hakai mtini. Anaitwa Pheidole megacephala, jina lenye maana ya mwenye kichwa kikubwa. Ni mdogo, wa rangi ya kahawia, hujenga ardhini, na wafanyakazi wake ni wa namna mbili: wengi wadogo wa milimita mbili hivi, na wachache wenye vichwa vikubwa kupita kiasi, kama mtoto aliyevaa kofia ya chuma ya babake. Ameenea katika nchi nyingi za joto kwa kusafiri na mizigo, udongo na miche ya vyungu. Laikipia alionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hupanda mtini, huwaua sisimizi wenyeji na kula watoto wao, kisha hauulindi mti.

Yaliyofuata yalichapishwa Januari 2024 na kikundi kilichoongozwa na Mkenya Douglas Kamaru, kutokana na kazi yao katika hifadhi ya Ol Pejeta. Mahali mgeni huyo alipoingia, tembo walivunja miti mara tano hadi saba zaidi kuliko pengine. Miti ilipopungua nyika ikawa wazi. Nyika ilipokuwa wazi, pundamilia waliwaona simba kutoka mbali, na simba wakakosa mahali pa kuvizia. Mwaka 2003 asilimia 67 ya mawindo ya simba yaliyohesabiwa pale yalikuwa pundamilia. Kufika 2020 ilikuwa asilimia 42. Nyati, ambao hapo mwanzo hawakuwamo katika hesabu, nao wakafika asilimia 42. Simba, mfalme wa nyika, alibadilishiwa chakula na mdudu asiyefikia punje ya mchele.

Nawaomba lakini wasomaji msikimbilie kuwamwagia sumu sisimizi wote wenye vichwa vikubwa. Jenasi ya Pheidole ina wenyeji wengi hapa kwetu, na hao hawajamkosea mtu. Dalili ya kutiliwa maanani ni mti wa mgunga ambao jana ulikuwa na wakali, leo unautikisa na hatoki mtu, na chini yake ardhi imejaa njia za vidudu vya kahawia. Kwa wafugaji wa Kaskazini, ambako malori hupita kila siku na miche huletwa katika udongo wa mbali, hilo ni jambo la kulitazama mapema.

KWA WANAFUNZI NA WAZAZI WAO

Wanafunzi wengi hutaka kujua waanzie wapi. Jibu langu ni kwamba uanze na macho na daftari. Andika ni mti gani, kimo chake, mahali na tarehe. Gonga tawi kwa kijiti kirefu (si kwa mkono, nisikilize mimi) na uone wangapi wanatoka na kwa haraka gani. Tazama kama wanainua tumbo. Hesabu vifundo vya kiuno. Andika rangi ya kichwa, ya kifua na ya tumbo, kila moja peke yake, wala usiridhike na kuandika "mwekundu". Tazama kama miiba ina matundu, ni makubwa au madogo, na kama machipukizi yametafunwa.

Kisha usikimbilie jina. Ule mpango wa rangi nilioueleza unafaa kwa mti mmoja, katika nyanda ambako wapangaji wanajulikana ni wanne. Kwenye galool ya Buna mwenye kichwa chekundu anaweza kuwa mwingine kabisa. Sisimizi wa spishi moja huweza kutofautiana rangi, na spishi mbili huweza kufanana rangi. Mtaalamu atataka kumwona chini ya hadubini: idadi ya vipingili vya papasi, umbo la kile kifundo cha pili cha kiuno, miiba miwili midogo nyuma ya kifua, nywele zimelala au zimesimama. Sisimizi huhifadhiwa ndani ya spiriti, halafu hugundishwa kwenye ncha ya pembetatu ndogo ya karatasi na kuchomekwa pini, na chini yake huwekwa kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Kikaratasi hicho kikipotea, sisimizi huyo hana thamani tena, hata awe mzuri namna gani. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana hazina kubwa ya wadudu waliohifadhiwa hivyo.

Jambo moja la sheria. Kukusanya viumbe kwa ajili ya utafiti kunahitaji kibali, na kuwatorosha nje ya nchi ni kosa la jinai. Mwezi wa Aprili 2025 dunia ilishangaa kusikia kwamba malkia wa chungu wapatao 5,000 wamenaswa nchini Kenya wakiwa katika mirija midogo, tayari kuuzwa kwa watu wa ng'ambo wanaowafuga ndani ya vioo. Mwezi wa Mei mahakama iliyoko uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Wawili walikuwa vijana kutoka Ubelgiji. Wale hawakuwa sisimizi wa mtini bali chungu wakubwa wa ardhini wanaokusanya mbegu za nyasi, lakini sheria haibagui.

Turudi Buna, maana gurudumu lilikuwa limekwisha fungwa na utingo ameanza kupiga honi. Mvulana bado alikuwa na kioo changu. Nilikuwa nimemwonyesha jinsi ya kukisogeza karibu na jicho badala ya kukiweka mbali, naye alikuwa amewaacha mbuzi wake watawanyike na kwenda kwenye galool nyingine, ng'ambo ya barabara. Nilimwita. Hakugeuka. Alikuwa amekata mwiba, amemweka mmoja kwenye ukucha wa kidole gumba, na amenyamaza kimya.

"Adeer," akasema mwishowe, "njoo uone. Hawa kichwa chao ni cheusi. Si wale waliokuuma."

Utingo akapiga honi ya pili. Nilivuka barabara kwenda kuona.